Uzi maalumu wa neno QI: maana yake, lilikotoka, na kwa nini Mswahili hana sababu ya kuiogopa Q

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Jumamosi iliyopita nilikuwa barazani kwa dada yangu, tunacheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni kuunda maneno, mimi na mpwa wangu wa kidato cha tatu. Mchezo ulikuwa umebana kweli. Mfuko umeshakauka, mimi nina pointi 341, kijana ana 335, na mkononi nimebakiwa na kipande kimoja tu: Q. Nikaukodolea macho ubao kutafuta U, maana kwa Kiingereza Q karibu kila mara huandamana na U. Zote nne zilikuwa zimeshazibwa pande zote. Nikasema napita. Kijana akashusha vipande vyake vya mwisho, akaongeza pointi 4, mchezo ukaisha. Sasa kwa kanuni ya nyumbani, aliyebakiwa na kipande anakatwa thamani yake na aliyemaliza anaongezewa. Q ni pointi 10. Mimi nikashuka hadi 331, yeye akapanda hadi 349.

Wakati tunakusanya vipande akanyoosha kidole kwenye neno INK lililokuwa limesimama wima pembeni. "Mjomba, hapa kushoto kwa I palikuwa wazi. Ungeweka Q, ukapata QI, pointi 11, na mchezo ungekuwa wako."

Nikamwambia hakuna neno kama hilo. Nikamtuma kamusi ya Kiingereza ya pale nyumbani, ya siku nyingi, halimo. Akafungua programu ya maneno kwenye simu, limo. Nikanyamaza. Wiki nzima baada ya hapo nimelifukua neno hili, na kadiri nilivyochimba nikakuta vitu ambavyo nimeona si haki kukaa navyo peke yangu.

Tuanze na maana. QI kwa fikra za Kichina ni ile nguvu ya uhai inayopita ndani ya mwili na ndani ya vitu vyote: pumzi, hewa, mvuke, uzima. Tabibu wa jadi wa Kichina anapomdunga mgonjwa sindano nyembamba, anasema anaifungulia njia QI iliyokwama. Linatamkwa "chi", ingawa limeandikwa kwa Q.

Na kwa wachezaji, thamani yake iko kwenye hesabu ndogo. Seti ya Kiingereza ina vipande 100. U ziko 4 tu. I ziko 9. Kabla ya QI kukubalika, mwenye Q mara nyingi alikuwa anasubiri mojawapo ya U nne, labda na vile vipande viwili vitupu. Baada ya QI, anaweza kuegemea I yoyote katika zile tisa. Kule Marekani Kaskazini neno hili liliingia kwenye orodha rasmi ya mashindano mwaka 2006, pamoja na ZA, kifupi cha pizza. Mwaka ule maisha ya Q yalibadilika.

Karibuni tuchangie. Wanaojua Kichina, wanaojua Kiarabu, na wachezaji, nawasubiri.

#2 Mdau wa Moshi

Mkuu mleta mada, pole kwa kufungwa, lakini mimi niko upande wako wa mwanzo. Hilo ni neno la Kichina. Umelieleza mwenyewe. Kama mchezo ni wa Kiingereza, kwa nini tukubali Kichina? Kesho mtu ataniwekea neno la Kichaga aniambie nalo ni la Kiingereza.

#3 Mleta mada

Mkuu wa Moshi, hoja yako ndiyo niliyomtolea mpwa wangu, kwa hiyo naielewa vizuri. Lakini jiulize: chai ni neno la lugha gani? Asili yake Uchina, likapita Uajemi na Bara Hindi, likatufikia. Meza ni ya Wareno. Serikali ina Uajemi ndani yake. Hakuna Mswahili anayekwenda kwa mama lishe akaagiza chai kisha akaomba radhi kwa kusema Kichina.

Lugha ikishalitumia neno kwenye vitabu vyake na magazeti yake, watunga kamusi wanaliandika. Orodha ya Scrabble inafuata kamusi, haiulizi kabila la neno. Na sisi tumefaidika na mlango huohuo: SAFARI, BWANA, ASKARI, MZEE, UGALI, yote haya yanakubalika kwenye orodha ya Collins, ambayo ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya dunia na huku kwetu Afrika. Ukikataa QI, utoe na UGALI mezani.

#4 Niliyesoma Wuhan

Habari za humu. Nilikaa Uchina miaka mitano kwa masomo, niongezee kidogo.

Herufi ya QI ya maandishi ya zamani ni 氣. Ukiitazama, juu kuna alama ya mvuke, 气, na chini ndani yake kuna 米, yaani mchele. Mtu akikuonyesha hivyo unaona moja kwa moja sufuria ya wali iliyofunuliwa. Maandishi yaliyorahisishwa ya siku hizi yameondoa mchele, umebaki mvuke mtupu.

Sasa kitu kilichonishangaza ni kwamba Mchina wa kawaida halitumii neno hili kwa mambo ya tiba na falsafa tu. Analitumia asubuhi hadi jioni. Hali ya hewa wanasema *tianqi*, "qi ya mbinguni". Tazameni na Kiswahili: sisi pia tunasema hali ya HEWA. Hewa ya kuvuta puani ni *kongqi*. Mtu akikasirika wanasema *shengqi*, kama vile qi imefumuka ndani yake. Sisi tunasema hasira zimempanda. Na ukimshukuru mtu atakujibu *bu keqi*, usijiwekee ugeni, ambapo *keqi* ni ile "hewa ya mgeni", heshima za mtu aliyekuja kwa watu. Mimi niliyajua maneno haya yote kwa mwezi mmoja kabla sijatambua kuwa ndani yake mna neno moja.

Kuhusu Q: mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, unaoitwa Pinyin, ulipitishwa mwaka 1958. Ndani yake Q imepewa sauti inayokaribiana na "ch" yetu. Kabla ya hapo Waingereza waliandika *ch'i*, kwa kialama cha juu. Kwa hiyo Q ile haihusiani na Q ya *queen*. Ni herufi iliyokuwa haina kazi, ikapewa kazi.

#5 Mdau wa Kampala

Ndugu wa Wuhan, asante sana. Kwa hiyo ile *tai chi* ambayo wazee hufanya mazoezi polepole bustanini, "chi" ile ndiyo hii QI?

#6 Niliyesoma Wuhan

Hapana, ndugu yangu, na hapo wengi wanateleza. Kwenye *tai chi* ile ni *ji*, herufi 極, maana yake kilele, upeo wa mwisho. Kwa Pinyin ni *taiji*. Kwa mfumo wa zamani zote mbili ziliandikwa "chi", tofauti ikiwa ile alama ndogo tu, na watu wakaiacha alama. Neno lenye QI ya kweli ni *qigong*, mazoezi ya pumzi. Na Wajapani waliichukua herufi ya QI wakaisoma *ki*. Hiyo ndiyo KI iliyo katikati ya AIKIDO na mwishoni mwa REIKI.

#7 Mleta mada

Mkuu, hapo umenipa zawadi ya mchezo bila kujua. Neno moja la Kichina limeingia kwenye ubao kwa milango mitatu. KI ni pointi 6. CHI, ambayo pia ni herufi ya Kigiriki, ni pointi 8. QI ni 11. Pumzi ileile, bei tatu. Na QIGONG inakubalika pia, pointi 17 bila viboksi vya rangi vinavyozidisha pointi, na unaweza kuirefusha kutoka kwenye QI iliyokwisha wekwa.

#8 Mama wa Pangani

Hamjambo wanangu. Mimi Scrabble siichezi, huwaona wajukuu tu wakicheza. Lakini hilo la pumzi na hewa limenikumbusha jambo. Sisi huku pwani UPEPO na PEPO ni neno moja. Mtu akiwa na mambo yake ya kupandwa, husemwa ana pepo, na wazee wengine husema ana upepo mbaya. Upepo wa bahari na kile kinachomwingia mtu, mzizi ni mmoja. Na kupepea ni hapohapo. Kwa hiyo Mchina akisema qi ni hewa na ni uhai kwa pamoja, bibi yangu asingeona ajabu yoyote.

#9 Mleta mada

Shikamoo mama. Hili sikuwa nimelifikiria hata kidogo na nimelisoma mara tatu. Nashukuru sana.

#10 Mdau wa Mombasa

Asalaam aleikum jamaa. Nimefuata huu uzi tangu jana. Mleta mada umesema kwenye kichwa kwamba Mswahili asiiogope Q, lakini bado hujaeleza kwa nini. Niruhusu niseme nilionalo, utanikosoa.

Mimi nilipitia chuoni kwa maalim kabla ya shule. Pale tulifundishwa kutofautisha ك na ق. Kaf inatoka mbele, qaf inatoka kooni kabisa, na ukiikosea maalim anakurudisha mwanzo wa aya. Kisha ukienda shule, Kiswahili cha vitabu kina K moja tu. Alfabeti yetu haina Q. Kwa hiyo tumeyameza maneno mengi ya qaf na kuyaandika kwa K.

Hesabu: kahawa, kalamu, karatasi, kamusi, kabila, kaburi, akili, wakati, hakika, haki, sadaka, sanduku. Yote hayo kwa Kiarabu yana qaf. Mtu anakunywa kahawa, anashika kalamu, anafungua kamusi, na kila mara amepita mlangoni pa Q bila kubisha hodi.

Sasa Waingereza walipochukua maneno ya Kiarabu, waandishi wao wengi waliiandika qaf kwa Q na wala hawakuiwekea U. Ndiyo maana orodha ya maneno yenye Q bila U imejaa watu tunaowajua.

#11 Mleta mada

Wa aleikum salaam. Mdau wa Mombasa, hicho ndicho kilichonifanya nifungue uzi, na umekisema vizuri kuliko nilivyokuwa nimepanga.

Usiku ule wa tatu nilichapisha orodha ya maneno ambayo Q haifuatwi na U, nikakaa nayo mezani na kalamu nyekundu. Nilitegemea kukuta mambo ya kukariri kwa jasho. Neno la kwanza kulitambua lilikuwa TALAQ. Nikacheka peke yangu kwa furaha. Talaka! Kisha QADI. Kadhi, yuleyule ambaye Katiba ya Kenya ya 2010 imempa mahakama yake kwenye kifungu cha 170. Kisha WAQF: wakfu, shamba au nyumba iliyotolewa kwa ajili ya msikiti au masikini. QIBLA: kibla. FAQIR: fakiri. NIQAB na BURQA sihitaji kueleza. FIQH: fikihi. QASIDA: kaswida, na maulidi yetu yote yamo ndani yake. SUQ: soko, ndiyo hiyohiyo, tumebadilisha irabu tu. QAT: mirungi, au miraa kwa ndugu zetu wa Meru.

Halafu QANUN. Nikadhani ni kanuni, sheria. Kwa Kiingereza ni ala ya muziki yenye nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Na mtu wa Unguja atakwambia hiyo anaijua vizuri mno, maana taarabu asilia ya Zanzibar bila kanuni haijakamilika. Nimewahi kukaa karibu na mpiga kanuni kwenye onyesho: amevaa vijipete viwili vyenye kucha za kudonolea kwenye vidole vya shahada, mkono wa kushoto unakimbilia vijiwiko vidogo vya kubadilisha sauti. Neno lile halikuwa geni kwangu. Lilikuwa limevaa Q tu.

Na bei zake ni tamu. Mtu anayejua CADI anapata pointi 7; anayejua kuwa inaandikwa pia QADI anapata 14, mara mbili kamili. FAKIR ni 12, FAQIR ni 17. SOUK ni 8, SUQ ni 12 kwa herufi tatu tu. TALAQ 14. WAQF 19, na FIQH 19, herufi nne kila moja.

Tahadhari: msikurupuke. Si kila neno letu lenye qaf limepokelewa na kamusi za Kiingereza. Usiende kuandika kahawa kwa Q ukadhani utapona. Unajifunza orodha kwanza, ila unaijifunza ukiwa na ufunguo ambao mtu wa Chicago hana. Yeye WAQF anaikariri kama namba ya simu. Sisi tunamkumbuka babu aliyeweka wakfu minazi yake.

#12 Mdau wa Dodoma

Swali la kijinga labda: kwani Waingereza nani aliwaambia Q lazima iende na U?

#13 Mleta mada

Si la kijinga hata kidogo, nami niliuliza hivyohivyo. Kiingereza cha kale kilikuwa kinaandika *cwen* kwa maana ya malkia. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi waliofundishwa kwa mtindo wa Kifaransa wakaanza kuandika QU mahali pa CW, kwa kufuata Kilatini. *Cwen* ikawa *queen*. Desturi ikaota mizizi mpaka watu wakaona ni sheria ya Mungu.

Lakini Q yenyewe ni mkubwa kuliko desturi hiyo. Wafoinike walikuwa na herufi ya sauti ya kooni, *qoph*. Ikaenda kwa Wagiriki, ikafika kwa Warumi ikawa Q. Tawi lingine la herufi hiyohiyo likaja hadi Uarabuni likawa ق. Kwa hiyo Q ya Scrabble na qaf ya chuoni ni ndugu wa tumbo moja waliopotezana. Jina la mzazi wao nalo linachezeka ubaoni, maana Waebrania wamelihifadhi kwenye alfabeti yao: QOPH, pointi 18.

#14 Mwalimu mstaafu, Mbeya

Vijana, nimefundisha Kiingereza kwa zaidi ya miaka thelathini. Nafurahia mjadala, lakini nina wasiwasi. Mchezo huu ulikuwa wa kujenga lugha. Sasa naona mtoto anakariri QI, ZA, XU, hajui hata moja ni kitu gani, na akiambiwa aandike barua ya kuomba kazi anashindwa. Tunasifu nini hapa?

#15 Mleta mada

Shikamoo mwalimu. Wasiwasi wako ni wa kweli na sitaupuuza. Kuna mtu anaitwa Nigel Richards, raia wa New Zealand, ndiye anayehesabiwa kuwa mkali kuliko wote. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa hakijui. Alikariri orodha ya maneno kwa wiki kadhaa tu kabla ya mashindano. Mwaka 2024 akafanya hivyohivyo kwa Kihispania, mashindano yakiwa Granada. Kwa ngazi ile, neno ni umbo, kama seremala anavyoutazama ubao bila kuuliza umetoka msitu gani.

Kwa hiyo ndiyo, inawezekana kucheza bila maana, na kushinda. Nakubali. Lakini mimi sichezi ngazi ile, wala mpwa wangu. Na mimi nimeona kinyume cha unachohofia. Neno moja la herufi mbili limenipeleka kwenye sufuria ya wali ya Wachina, kwenye upepo wa Pangani, mpaka kwenye qaf. Nafikiri kosa liko kwa anayemwachia mtoto orodha bila kumpa hadithi yake. Kila mtoto anapojifunza neno jipya la herufi mbili, mzazi amwulize: ni nini hiki, kimetoka wapi? Kwenye orodha ya Collins ni maneno 127. Kwa neno moja kila siku, ni miezi minne na siku chache.

#16 Mwalimu mstaafu, Mbeya

Marahaba. Hapo tunaelewana. Basi nianze mimi: XU ilikuwa sarafu ndogo ya Vietnam. AI ni yule mnyama mzito wa Amerika Kusini anayening'inia mitini, na jina limetoka kwa wenyeji wa Brazili. AA ni aina ya lava iliyopoa ikawa na makali, neno la Hawaii. JO ni mpenzi, kwa Waskoti. Kumbe nilikuwa nayajua, sikuwahi kuwapa wanafunzi wangu.

#17 Mdau wa Nairobi

Na tusisahau Waafrika kwenye hadithi hii. Mwaka huohuo wa 2015, kule Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Fainali alimfunga Mwingereza michezo minne kwa sifuri. Neno lake la ushindi lilikuwa FELTY, pointi 36, herufi tano tu. Wanigeria walikuwa wamefanya mazoezi mahususi ya kutumia maneno mafupi ya aina hiyo wakati wengine wanawinda maneno marefu ya vipande vyote saba na zawadi yake ya pointi 50. Neno refu linampendeza mtazamaji. Neno fupi linakuachia vipande vizuri mkononi na linafunga njia ya mwenzako. Kilabu chetu huwa tunawaambia wageni hivyo siku ya kwanza.

#18 Mdau wa Mwanza

Niulize pembeni kidogo. Kwenye boksi la chaja yangu ya simu, ile ya kulaza simu juu bila waya, kumeandikwa "Qi". Ni hii hii?

#19 Niliyesoma Wuhan

Ndiyo, mkuu. Ni jina la kiwango cha kuchaji bila waya, na walilichukua kwenye neno hilihili la Kichina: nguvu inayopita bila kuonekana. Ila ile yenye Q kubwa ni jina maalumu, haichezwi kwa sababu hiyo. Inachezwa ile ya pumzi.

#20 Mdau wa Nairobi

Mleta mada, kwa vile umeanza kuipenda QI, nikupe kitu cha kuifanyia. Usiitupe haraka kwa pointi 11. Tafuta kiboksi cha herufi mara tatu ambacho kulia kwake kuna I tayari ubaoni na chini yake pako wazi, au kinyume chake. Weka Q kwenye hicho kiboksi, na I yako mwenyewe upande ulio wazi, ili usome QI kwa ulalo na QI kwa wima kwa mkupuo mmoja. Q inakuwa 30, jumlisha 1, ni 31. Mara mbili: 62. Kwa vipande viwili vya mkononi. Bila shaka I ile ya jirani isiwe inagusana na mambo yatakayoharibu maneno mengine.

Na ukimwona mwenzako anapanga kufanya hivyo, kiboksi kile kizibe hata kwa neno la pointi 5. Mchezaji mzuri huwa anajua Q iko wapi: imeshatoka, imo mfukoni, au iko mkononi mwa mtu. Ni kipande kimoja tu, kwa hiyo haina kisingizio.

#21 Mdau wa Dodoma

Kwa nini ni kimoja? Nani alipanga?

#22 Mdau wa Nairobi

Alfred Butts, msanifu majengo wa New York, aliyepoteza kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Alihesabu herufi moja moja kwenye kurasa za magazeti, The New York Times likiwemo, kuona kila moja inajitokeza mara ngapi. Q ilijitokeza kwa nadra, ikapata kipande kimoja na pointi 10. S aliibana kwa makusudi, nne tu, ili watu wasijinyakulie wingi wa kila neno. Jina la Scrabble lilikuja baadaye, mwaka 1948, kwa mshirika wake James Brunot. Fikiria angehesabu gazeti la Kiswahili: A zingejaa mfuko, na Q isingekuwemo kabisa.

#23 Mdau wa Mombasa

Basi tufanye mazoezi kidogo. Mkononi una A, E, F, I, Q, R, W. Ubao uko wazi, hakuna U popote, ni zamu ya kwanza, tunatumia Collins. Unaweka nini?

#24 Mdau wa Moshi

Mimi niliyepinga mwanzoni nimeona FAQIR papo hapo. Fakiri. 17.

#25 Mleta mada

Safi sana mkuu. Lakini hesabu unachobaki nacho: E na W. Mpwa wangu amekaa hapa pembeni, ameshika simu yangu, anasema aweke WAQF, 19, abaki na E, I, R mkononi, ambazo zinashikana na karibu kila kitu kitakachotoka mfukoni. Na kwa vile neno la kwanza linapita katikati ya ubao, pointi zinakuwa mara mbili: 38.

Nimemwuliza wakfu ni nini. Ameninyooshea kidole kwenye minazi ya nyuma ya msikiti.